Helmeti ya michezo: kuichagua, kuivaa, kuitunza, na la kufanya kichwa kikigongwa

Helmeti imetengenezwa ili fuvu lisipasuke na damu isivujie ndani ya kichwa, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Ila ule mtikisiko wa ubongo, ambao makocha siku hizi wanauita konkashoni, helmeti inaweza kuupunguza tu, kuuzuia haiwezi. Kijana anaweza kuanguka na helmeti nzuri kichwani, akaamka, akajipangusa vumbi, na bado ubongo wake umeumia, na mtu wa kwanza kuligundua hilo si daktari, ni wewe uliyesimama kando ya uwanja. Kwa hiyo hatua za mwanzo hapa ni za helmeti yenyewe, na za mwisho ni za huyo aliyegongwa, tafadhali usiishie katikati.

Naandika hasa kwa makocha, walimu wa michezo na wazazi wa hapa Uganda, wale mna vijana wa baiskeli, kriketi, ragbi, ndondi, kayaki pale Jinja, motokrosi kule Garuga, na watoto wa skeitibodi wa Kitintale.

Hatua ya 1: Jua ndani ya helmeti kuna nini

Chukua helmeti ya baiskeli uigeuze. Juu kuna ganda jembamba la plastiki, chini yake povu gumu, ile polistirini ambayo TV mpya inakuja imezungushiwa kwenye boksi, halafu visponji laini vinavyogusa ngozi, halafu mikanda. Wengi wanadhani kinga iko kwenye ganda, wengine wanabonyeza visponji wanasema hii ni nzuri, laini. Hapana jamani, kinga iko kwenye povu. Ganda linazuia jiwe lenye ncha lisipenye na linafanya helmeti iteleze kwenye lami badala ya kunasa, visponji ni vya starehe na kujaza nafasi, mikanda inahakikisha helmeti haijaruka kabla hujafika chini. Povu ndilo linalobonyea na kupondeka ili kichwa kisipondeke.

Hesabu yake ni nyepesi. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 kinafika chini na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Tuseme kimesimama ndani ya milimita 5, chukua kimo ugawanye kwa huo umbali wa kusimama, unapata 300, yaani kwa wastani kichwa kimefungwa breki kwa nguvu mara 300 ya uvutano wa dunia. Sasa weka povu, lipondeke milimita 20 kabla kichwa hakijasimama, ile 300 inashuka mpaka 75. Tofauti yote iko kwenye hizo milimita 15. Ndio maana helmeti ya kweli lazima iwe na unene, na ndio maana kofia ya plastiki isiyo na povu ndani haina msaada hata iwe ngumu namna gani.

Maabara wanapima hivo hivo. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, ambacho ni cha baiskeli, skeitibodi na viatu vya magurudumu, kinataka helmeti igonge chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde na kile kichwa bandia cha ndani kisipate zaidi ya mara 250 ya uvutano wa dunia. Marekani wana kiwango chao, CPSC, wao wanaangusha kutoka mita 2 na kikomo chao ni 300. Kuna kitu hapo watu hawakisikii vizuri, huo mwendo ni wa kichwa kushuka chini, si mwendo wa baiskeli yako. Unaweza kuwa unakimbia 40 kwa saa ukaanguka ubavu na helmeti ikafanya kazi yake, na unaweza kuwa umesimama tu ukaanguka chali ukapasuka fuvu.

Kuna jambo la pili ambalo hiyo hesabu haioni, mzunguko. Mara nyingi kichwa hakigongi ardhi wima, kinagonga kikiwa kinasonga mbele, kwa hiyo kinazungushwa ghafla, na ubongo ambao ni laini na unaelea kwenye maji yake unachelewa kuzunguka, nyuzi zake zinavutika. Huo mvutiko ndio unaoleta konkashoni nyingi. Kule Stockholm daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mhandisi Peter Halldin walikuja na MIPS, ni utando mwembamba ndani ya helmeti unaoruhusu helmeti iteleze milimita 10 mpaka 15 juu ya kichwa wakati wa kugonga. Ukiipata kwa bei unayoiweza, chukua. Ukikosa, usikae bila helmeti ukiisubiri, manake hata zile za kawaida zinaokoa watu: uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2017, wa tafiti 40, ulikuta waendesha baiskeli waliovaa helmeti walipungukiwa na majeraha makubwa ya kichwa kwa asilimia 69.

Hatua ya 2: Kila mchezo na helmeti yake

Hapa ndipo tunapoumizana sana, manake mtu ana helmeti moja nyumbani na anaitumia kwa kila kitu.

Ya baiskeli ni ya mgongano mmoja mkubwa, ikishapondeka imekwisha. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, lililazimisha helmeti kwenye mashindano mwaka 2003 baada ya Andrey Kivilev kufariki kwa kuanguka kwenye mbio za Paris-Nice, kabla ya hapo waendeshaji wenyewe walikuwa wanazikataa eti joto. Sisi huku tunapanda Jinja kwenda Kamuli pamoja na malori ya miwa, joto si sababu.

Kayaki ni kitu kingine kabisa. Ukipinduka kwenye Nile unaweza kugonga jiwe mara tatu ndani ya dakika moja, kwa hiyo unahitaji helmeti yenye povu linalorudi kwenye umbo lake, isiyonyonya maji, inayoshuka mpaka kwenye masikio na kisogo. Kiwango chake ni EN 1385 na ujue kimeandikwa kwa maji ya daraja la 1 mpaka 4, maporomoko ya Itanda pale kwenye Nile yamepita hapo.

Motokrosi vaa ya uso mzima, yenye alama ya ECE 22.05 au 22.06. Hii 22.06 ni mpya zaidi na ndani yake kuna kipimo cha kugonga kwa mshazari, ule mzunguko niliousema. Ile helmeti ya nusu ya bodaboda isiyofunika kidevu usiipeleke Garuga, kwenye motokrosi mtu anatangulia na uso. Na kwa mtoto angalia uzito, shingo ya mtoto ni nyembamba na helmeti ya baba yake inaivuta.

Kriketi, shida si unene bali ile nafasi kati ya ukingo wa mbele unaotokeza kama wa kapelo na grili, ule wavu wa chuma wa usoni. Mpira unaweza kupita pale katikati ukafika usoni. Kiwango cha Uingereza, BS 7928 cha 2013, kinapima hilo jambo hasa, na kinatenganisha mpira wa watoto na wa wakubwa, kwa hiyo grili ukishaifunga venye mtengenezaji ameelekeza usiipanue ili kijana "aone vizuri". Phillip Hughes wa Australia alikuwa na helmeti Novemba 2014, mpira ukampiga shingoni chini ya helmeti, siku mbili baadaye akafariki. Tangu hapo kukawa na kinga ya shingo inayobanwa nyuma. Shule zetu zinazocheza kriketi, kama Mwiri na Jinja SSS, zinatoa wachezaji kila mwaka, na Cricket Cranes, timu yetu ya taifa, wameshafika Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024, basi hizo kinga za shingo ziwe kwenye begi la timu.

Ragbi na ndondi naziweka pamoja kwa sababu zinadanganya kwa njia moja. Ile kofia laini ya skramu, World Rugby wanairuhusu unene usiozidi sentimita 1, inakinga masikio na michubuko, ubongo haiukingi. Vivyo hivyo na kinga ya kichwa ya ndondi, inapunguza kuchanika na uvimbe, ndio maana chama cha ndondi za ridhaa cha dunia kiliweza kuiondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013. Kijana wa ndondi avae kwenye mazoezi, sawa, lakini kocha usiseme "ana kinga, mpige tu". Kinachookoa ubongo wa bondia ni idadi ndogo ya raundi za kupigana kweli kwa wiki, basi.

Hatua ya 3: Kununua

Mpya kutoka duka la baiskeli ni bora, lakini najua wengi wetu tunaenda soko la Owino kwa mitumba, na kule kunapatikana vitu vizuri na vibovu vimelala kwenye turubai moja. Mitumba ya helmeti ina tatizo hili: huijui historia yake. Ukilazimika, nenda mchana, toa visponji vyote vya ndani, washa tochi ya simu, na uangalie povu polepole kama unavyotafuta ufa kwenye kikombe. Tafuta mstari mwembamba, hata wa unywele. Angalia sehemu ambayo povu linang'aa au limebonyea kuliko jirani yake, hapo paligongwa. Shika helmeti pande mbili uiminye kidogo, ikitoa sauti ya kukwaruza au ganda likiachana na povu, irudishe. Vuta mkanda kwa nguvu pale unapoingia kwenye povu. Funga kifungo mara kadhaa.

Halafu tafuta stika ya ndani, iwe na jina la kiwango na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Snell, ile taasisi ya Marekani iliyoanzishwa 1957 baada ya kifo cha dereva wa mbio aliyeitwa Pete Snell, inashauri helmeti ibadilishwe kila miaka 5. Kama stika imebanduliwa au tarehe haisomeki, mimi siinunui hata iwe ya bure. Na stika yenyewe si ushahidi kamili, zinachapishwa mtaani, kwa hiyo stika nzuri juu ya povu jembamba bado ni helmeti mbaya.

Hatua ya 4: Kuivaa sawasawa

Ningeomba kama kuna hatua moja tu utaisoma mara mbili iwe hii, kwa sababu helmeti ya bei nafuu inayokaa vizuri inaishinda ya bei kali iliyolegea.

Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Ukipata sentimita 56, tafuta helmeti yenye 56 ndani ya namba zake, ikiwezekana katikati, si mwishoni. Usimnunulie mtoto kubwa ati ataikulia. Kiatu sawa, sare ya shule sawa, helmeti hapana.

Ivae ikae bapa. Kati ya nyusi na ukingo wa mbele ziingie vidole viwili, si zaidi. Watoto wetu wengi wanaivaa imerudi nyuma kama kofia ya Ijumaa, paji la uso liko wazi, na paji ndilo linalotangulia chini. Kaza kile kigurudumu cha nyuma mpaka uhisi imeshika pande zote bila kuuma. Kabla hujafunga mkanda tikisa kichwa kulia na kushoto, helmeti isibaki nyuma.

Mikanda ya pembeni iunde herufi V na kifungo cha V kikae chini tu ya sikio, sio juu ya sikio, sio shingoni. Funga kidevuni, kidole kimoja au viwili viingie. Mwambie mtoto afungue mdomo wazi kama anapiga miayo, anatakiwa ahisi helmeti inavutwa chini. Halafu weka kiganja mbele ya helmeti uisukume juu na nyuma, ukiweza kuivua bila kufungua mkanda basi na ajali itaivua, rudia kukaza.

Nywele. Hili waandishi wa maelekezo ya ndani ya boksi hawalifikirii. Msichana aliyesuka rasta nene leo na wiki ijayo amenyoa ana vichwa viwili tofauti, kwa hiyo fanya hii kazi ya kukaza upya kila anapobadilisha nywele. Fundo la nywele utosini halifai, linainua helmeti, zishushe zifungwe chini kwenye shingo. Kofia nene ya baridi au kapelo chini ya helmeti pia hapana, kitambaa chembamba au hijabu nyembamba iliyonyooshwa vizuri bila pini pale helmeti inapokaa haina shida.

Hatua ya 5: Kuitunza

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kausha kivulini. Petroli, thina na dawa za kutoa rangi usizisogeze kabisa, zinayeyusha polistirini, na mara nyingi zinaila ndani huku nje inang'aa. Vijana wanapenda kupiga rangi za timu kwa kopo la kupuliza, mweleze fundi kwamba hapana. Usiiache kwenye kioo cha nyuma cha gari lililoegeshwa juani, usiikalie, usiitupe chini ya begi la viatu.

Ikigongwa kichwa kikiwa ndani, imekwisha, hata kama huoni ufa. Ikate mikanda kabla ya kuitupa, la sivyo utaikuta kwenye turubai la mtu mwingine Jumamosi.

Hatua ya 6: Punguza kugongwa kwenyewe

Hili ni fupi ila lina faida kuliko vifaa vyote. Ragbi, fundisha kukaba chini ya kifua, kichwa cha mkabaji kikae ubavuni mwa mwenzake, na lifundishwe na watoto waliopiga magoti kabla ya waliosimama. Funga sponji kwenye nguzo za goli. Magoli ya chuma ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi, watoto wanaburuzana nayo na yanaua. Soka, Marekani walizuia watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga kichwa tangu mwisho wa 2015, huku kwetu hakuna anayekuzuia kufanya hivyo hivyo kwenye timu yako. Baiskeli, kagua breki kabla ya kutoka na mpande kwa mstari mmoja barabara kuu.

Hatua ya 7: Kichwa kimegongwa, sasa fanya nini

Simamisha mchezo. Usimwagie maji, usimnyanyue kwa mikono, usimpige makofi ya kumwamsha. Kama amelala chini chukulia shingo imeumia mpaka uthibitishe vingine: mtu mmoja apige magoti kichwani pake ashike kichwa kwa mikono miwili kisizunguke. Helmeti usiivue isipokuwa hapumui au anatapika na hewa haipiti, na ikibidi kuvua ya uso mzima iwe watu wawili, mmoja ameshika shingo na taya kutoka chini, mwingine anaitoa taratibu.

Peleka hospitali saa hiyo hiyo ukiona hata moja kati ya haya: amezimia, degedege, anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anaona vitu viwili viwili, shingo inauma, mkono au mguu umelegea au una ganzi, anazidi kuchanganyikiwa au anakuwa mkali bila sababu, maji au damu inatoka sikioni au puani. Na naomba sana sana, asipelekwe kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya dereva na rafiki huku kichwa kinaning'inia. Tafuta pikapu, gari ya mwalimu, gari ya kukodi, alale amenyooka. Ulizia kabla ni hospitali ipi iliyo karibu yenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inayofanya kazi, ukiwa Kampala unafikiria Mulago, kwingine anza na hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kama hana hizo dalili nzito, bado muulize: Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Hayo maswali yanatumiwa na madaktari wa michezo duniani na hayahitaji kifaa. Akikosea moja, au akiwa mzito kujibu, anayumba, macho yamepotea, anasema kichwa kinauma au taa zinamkera, ametoka. Wengi wenye konkashoni hawakuzimia hata sekunde, kwa hiyo "mbona hakuzimia" si hoja. Ukiwa na mashaka tu, mtoe, na harudi siku hiyo hata ajisikie mzima, hata iwe fainali, hata mzazi apige kelele. Ubongo ulioumia ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla, hasa kwa vijana, na hapo watu wanakufa.

Usiku wa kwanza asilale peke yake chumbani. Kulala anaruhusiwa akishaangaliwa, ila mtu awepo na ajue zile dalili nzito, kwa sababu kuna damu inayovuja polepole ambayo mtu anaongea vizuri saa kadhaa halafu anaanguka. Maumivu mpe paracetamol, aspirini na ibuprofeni ziache. Pombe hapana, kuendesha pikipiki hapana.

Hatua ya 8: Kurudi mchezoni

Saa 24 mpaka 48 za mwanzo apumzike, lakini si kufungiwa gizani, kutembea taratibu nyumbani kunasaidia, simu na TV apunguze. Halafu anapanda ngazi: shughuli za kawaida za nyumbani, kisha kukimbia mwepesi au baiskeli ya taratibu, kisha mazoezi ya mchezo wake bila kugusana, kisha mazoezi magumu zaidi bado bila kugusana, kisha mazoezi kamili akishapitishwa na mhudumu wa afya, mwisho mechi. Kila ngazi angalau siku moja, dalili zikizidi sana anarudi ngazi ya nyuma. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya kawaida unasema mechi isiwe kabla ya siku 21, na kwa timu zetu ambazo hazina daktari mimi naona hiyo 21 ndiyo ya kushika.

Mwanafunzi arudi darasani kikamilifu kwanza ndipo arudi uwanjani. Mwandikie mwalimu wa darasa barua fupi: siku aliyogongwa, kwamba anaweza kuchelewa kuandika, kusahau au kuumwa kichwa mchana, na kwamba apewe mapumziko badala ya adhabu. Nakala yake weka kwenye faili ya timu pamoja na tarehe, ili kocha wa muhula ujao ajue huyu kijana ameshagongwa mara ngapi.